Nyumba ya Sanaa Katika Kilima cha Makerere

Historia ya uchoraji na uchongaji wa kisasa katika Afrika Mashariki imezoea kusimuliwa kwa majina ya watu. Husomwa kwamba Bibi Margaret Trowell alifundisha, kwamba Gregory Maloba alichonga, kwamba Sam Ntiro na Elimo Njau walichora, na kwamba wanafunzi wao wakatawanyika na kuwafundisha wengine. Masimulizi ya namna hiyo yana kweli yake, lakini yana upungufu mmoja mkubwa: aghalabu hayaulizi kazi zenyewe ziko wapi, ni nani aliyezihifadhi, wala kwa haki gani. Chuo kikuu hufundisha watu. Na kikifundisha sanaa hubaki pia na vitu. Vitu hivyo huongezeka mwaka hata mwaka, vikajaza makabati na kuta, mpaka siku moja chuo kikajikuta kina hazina ambayo hakikuipanga. Makala haya yanakusudia kuifuata hazina ya namna hiyo mahali pamoja, yaani katika kilima cha Makerere, Kampala, kwa kuwa hapo ndipo sanaa ya nchi zote tatu za Afrika Mashariki ilipokaa chini ya paa moja kwa muda mrefu kuliko popote pengine.

Kabla ya kupanda kilima hicho, yafaa neno lenyewe litazamwe. Sanaa katika Kiswahili, kama lilivyo asili yake ya Kiarabu, halikutenga uzuri wa kitu na ufundi wa kukitengeneza. Fundi aliyenakshi mlango wa Lamu alifanya kazi ya sanaa, na mlango ule ulifungwa na kufunguliwa kila siku, ukapitisha bibi arusi na ukapitisha jeneza. Hakuna aliyeona haja ya kuubandua ukutani ili utazamwe. Fikira ya kwamba kuna kazi za mikono zilizoumbwa kwa ajili ya kutazamwa tu, na nyingine zilizoumbwa kwa ajili ya kutumiwa, na kwamba mafungu hayo mawili yastahili nyumba mbili mbalimbali, ni fikira iliyokuja pamoja na vyuo na majumba ya makumbusho. Makerere ni mahali ambapo mgawanyo huo waweza kuonekana ukitendeka.

Jumba la makumbusho la Uganda lilianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, kwenye kilima cha Kampala ya Kale. Vilikusanywa humo vitu vya dini za jadi, vyombo, silaha na ala za muziki, na baadhi yake vilikuwa vimetolewa mikononi mwa wenyewe katika miaka ile ya misukosuko ya dini na utawala. Wenyeji hawakuliita jumba la makumbusho. Waliliita Enyumba ya Mayembe, na kwa Kiganda mayembe ni pembe na hirizi ambamo nguvu za mizimu hukaa. Jina hilo lastahili kutafakariwa na mwanafunzi wa lugha kuliko linavyotafakariwa. Mtawala aliona mkusanyiko wa vielelezo. Mwananchi aliona nyumba iliyofungiwa nguvu za watu, naye hakukosea sana, maana kilichowekwa humo hakikuwa kimekufa machoni pa waliokijua. Katika miaka ya 1940 mkusanyiko huo ulihamishiwa Makerere, ukakaa pamoja na shule ya sanaa, na Trowell akawa mlezi wake. Ulibaki katika mazingira ya chuo mpaka jengo jipya lililosanifiwa na Ernst May lilipofunguliwa Kitante mwaka 1954.

Kwa hiyo palikuwa na kipindi cha miaka kadhaa ambapo kinubi, ngao, kikapu na nguo ya gome la mti vilikaa karibu kabisa na vijana waliokuwa wakijifunza kuchora kwa rangi za Kizungu. Kipindi hicho chaweza kuhesabiwa kuwa ndicho chenye maana kubwa kuliko vyote katika habari hii, ijapokuwa hakikuacha jengo wala jiwe la msingi. Mwanafunzi hakuhitaji kwenda mahali pengine ili auone ufundi wa babu zake. Trowell mwenyewe alifaidika: mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu Tribal Crafts of Uganda, ambamo Trowell alieleza vyombo na kazi za mikono, na Wachsmann akaeleza ala za muziki kwa uangalifu ambao watafiti wangali wanautegemea. Lakini mwaka uliofuata vitu vilihamia Kitante, picha zikabaki Makerere. Tangu hapo kikapu kikawa somo la elimu ya makabila, na picha ya mwanamke anayesuka kikapu ikawa sanaa.

Trowell alizaliwa London mwaka 1904, akasoma katika shule ya Slade na baadaye akafunzwa ualimu na Marion Richardson. Alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa daktari, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Darasa lake la kwanza halikuwa na jengo. Lilikutana katika baraza ya nyumba yake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London katika Taasisi ya Dola. Tendo hilo la pili laonyesha jambo ambalo litarudi mara kwa mara: kazi za Makerere zilianza kusafiri kabla hazijapata mahali pa kukaa.

Njia yake ya kufundisha ilitegemea maneno. Hakuwawekea wanafunzi chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio, kwa mfano soko, mvua, mazishi, au kisa cha Biblia, wakafumba macho na kuliona, kisha wakachora walichokiona ndani. Wahakiki wengi wamelaumu imani iliyokuwa nyuma ya njia hiyo, yaani kwamba Mwafrika ana kipaji cha asili ambacho elimu ya Ulaya ingekiharibu, na lawama hiyo ina haki. Mtu anayekukinga na maarifa kwa kuyahofia kwa niaba yako amejifanya mzazi wako. Hata hivyo si haki kuacha kusema kwamba njia yenyewe, ikitengwa na imani ile, ilikuwa karibu na desturi ya nchi kuliko mwalimu mwenyewe alivyotambua. Watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiona kwa masikio tangu zamani. Anayesikiliza ngano jioni gizani hana picha mbele yake, huiumba. Trowell aliita mbinu ya ualimu kitu ambacho bibi wa mwanafunzi alikijua bila kukipa jina.

Gregory Maloba, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mchongo wake uitwao Death aliutengeneza mwaka 1941, akiwa bado kijana, kwa mti wa mvule. Baadaye alisoma Uingereza na kurudi kufundisha palepale alipofundishwa. Mwaka 1962 alimaliza Mnara wa Uhuru wa Kampala, mama anyanyuaye mtoto ilhali mwili wake bado umezungushiwa vifungo. Umati wa watu hupita chini ya mnara huo bila kujua kwamba aliyeujenga ni Mkenya. Na pengine hilo si neno la kulaumu, kwa sababu wakati ule mpaka wa Busia haukuwa mpaka wa kazi za sanaa.

Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliingia Makerere katikati ya miaka ya 1940, akasoma Slade kuanzia 1952, akarudi kufundisha, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akapelekwa London kuwa Balozi wake wa kwanza. Picha zake ni za kijiji: kulima, kuvuna, kujenga, kunywa. Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilipata picha yake ya mwaka 1956 iitwayo kwa Kiingereza Men Taking Banana Beer to Bride by Night. Mchaga angesema kwa neno moja, mbege, na kila aliyekulia mlimani angeelewa kwamba pombe hiyo haibebwi usiku na wanaume kadhaa pasipo sababu. Kuna posa, kuna wakwe, kuna deni linalolipwa. Jina la Kiingereza limelazimika kueleza, nalo lililoelezwa limepotea nusu. Hapa wataalamu wa lugha wana kazi ambayo wanahistoria wa sanaa hawawezi kuifanya peke yao. Picha nyingi za kizazi hicho zina majina ya Kiingereza kwa sababu zilifundishwa, zilionyeshwa na ziliuzwa kwa Kiingereza, ilhali mambo yaliyochorwa yalitendeka kwa Kichaga, Kiganda, Kikuyu, Kiluhya. Orodha ya mkusanyiko huandikwa mara moja, ikarithiwa na kila mtunzaji ajaye, na kosa la tafsiri lililomo hugeuka kuwa jina halali.

Rosemary Karuga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Historia yake yafaa kusomwa na yeyote anayedhani kwamba shahada na jumba la maonyesho hutosha kumhifadhi msanii. Baada ya masomo alirudi nyumbani kufundisha watoto, na miaka mingi ikapita kabla hajarudia sanaa kwa bidii. Aliporudi alitumia alichokuwa nacho: karatasi zilizopakiwa bidhaa na kurasa za magazeti, akazikata na kuzigandisha mpaka zikawa kuku, mbuzi na wanawake wa kijijini. Alifariki mwaka 2021. Wachoraji waliokuwa na rangi za mafuta za kutosha hawakuacha kazi yenye macho makali kuliko hiyo.

Elimo Njau wa Marangu alisoma Makerere kati ya 1952 na 1957. Kazi yake kubwa haimo katika jumba lolote la chuo. Imo ukutani mwa kanisa la Murang'a, ambako mwaka 1959 alimaliza michoro mitano ya maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hata kusulubiwa, katika mabonde na migomba ya Ukikuyu. Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ni ukumbusho wa upande mmoja wa vita vilivyokuwa na pande zaidi ya moja, na mwenyeji wa Murang'a hahitaji kuambiwa hivyo. Lakini Njau alimchora Kristo Mwafrika katika nchi ya Waafrika, miaka minne kabla ya uhuru, na mchoro huo umeishi muda mrefu kuliko hoja za waliougharamia. Wala hauwezi kuhamishwa. Anayetaka kuuona sharti aende Murang'a, akaketi mahali wanapoketi waumini.

Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Todd hakuwa na hofu ya mtangulizi wake. Alifundisha nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya ulimwengu na ufundi wa Ulaya ya kisasa bila kuomba radhi, na chini yake shule ilipanuka. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, alifundisha humo kuanzia 1960 na wakati uleule akawa anachora wanyama wa Afrika Mashariki kwa elimu ya mifupa na misuli ambayo iliwashangaza wanasayansi. Ni katika kipindi hicho cha Todd, mwishoni mwa miaka ya 1960, jumba maalumu la maonyesho lilipojengwa ndani ya chuo. Kazi za walimu na wanafunzi zilizokuwa zimelundikana tangu miaka ya vita zikapata nyumba.

Wakati huo Makerere hakikuwa chuo cha Uganda peke yake. Tangu 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 chuo hicho kikavunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Vitabu vina nakala, mitaala yaweza kuandikwa upya, walimu huajiriwa. Picha na mchongo havina nakala. Kwa kuwa sanaa ilikuwa imefundishwa Makerere tangu kabla ya vita, kazi za ujana za wasanii wa Kenya na Tanganyika zilibaki Uganda, si kwa kunyang'anywa wala kwa kununuliwa, bali kwa kuwa ndiko walikosomea. Kisheria jambo hilo halina utata mkubwa. Kihistoria lina utata, kwa maana vizazi viwili sasa vya wanafunzi wa Nairobi na Dar es Salaam vimesoma habari za wachoraji wa nchi zao bila kupata fursa ya kusimama mbele ya kazi zao za kwanza. Kuzigawa kazi hizo nchi kwa nchi kungekuwa upumbavu, kwani thamani yake ni kukaa pamoja; zilizungumzana darasani na zingali zinazungumzana. Yaliyo ya haki ni kwamba zisafiri, na kwamba orodha yake isomwe na kusahihishwa na watu wa lugha zote zilizomo.

Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka 1972 mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari na hakuonekana tena. Katika hali hiyo kuzungumza juu ya majumba ya sanaa huonekana kama mchezo, lakini wasanii nao walikuwa watu wa chuo, na walikimbia kama wengine. Kenya ilifaidika kwa msiba wa jirani. Theresa Musoke, aliyehitimu Makerere mwaka 1965 na kuchora ukuta wa Mary Stuart Hall, bweni la wanawake, aliishi na kufundisha Kenya kwa miaka zaidi ya ishirini kabla hajarudi kwao katika miaka ya 1990. Francis Nnaggenda alifundisha Nairobi. Maloba mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi tangu katikati ya miaka ya 1960 kufundisha usanifu. Hivyo walimu walikuja, kazi zikabaki.

Nje ya vyuo, Njau na wenzake walikuwa wameanzisha Nairobi mwaka 1965 nyumba ya sanaa waliyoiita Paa ya Paa. Jina hilo hufasiriwa kuwa paa, yaani yule mnyama, anainuka. Msomaji wa Kiswahili sanifu hutaka kulisahihisha: mnyama huchukua upatanisho wa kiumbe hai, basi iwe paa apaa. Lakini anayekijua Kiswahili cha zamani hukumbuka kwamba mnyama aliweza kufuata ngeli ya jina lake, na yapaa ni sahihi kabisa, ikiwa tu maneno mawili ya mwisho yataandikwa kuwa moja. Yakiandikwa mbalimbali, kama yalivyoandikwa, paa la nyumba nalo huingia mlangoni, na jina likawa fumbo. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea nayo.

Moto haukuishia hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere liliungua, paa likaanguka, na nyaraka zilizokuwamo zikapotea. Jengo hilo limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Mkusanyiko wa sanaa, kwa bahati, haukuwa humo. Neno bahati limetumika kwa makusudi: katika vyuo vyetu vingi, vikiwamo vya Kenya, kinachozilinda kazi za wanafunzi ni bahati hiyohiyo. Picha hutundikwa katika ofisi ya mkuu wa idara, mkuu akastaafu, picha ikapelekwa stoo, stoo ikavuja. Hakuna aliyeiba wala aliyeharibu, na picha haipo.

Baadhi ya kazi za Makerere zimeepuka stoo kwa sababu hazikuwekwa katika jumba la sanaa hata kidogo. Nnaggenda alirudi Kampala mwaka 1978. Kati ya 1982 na 1986, wakati wa vita vya msituni, alichonga katika gogo la mti mkubwa umbo la mtu aliyepoteza viungo na bado amesimama. Aliliita War Victim. Limewekwa katika maktaba kuu ya chuo, si nyuma ya kioo, bali mahali wanapopita wasomaji. Wanafunzi waliozaliwa baada ya vita hivyo huliegemea wakisubiriana, huweka mikoba yao karibu nalo, kisha hupanda ngazi kwenda kutafuta vitabu.